Arusha hadi Mkomazi kwa saa za wanyama: simulizi ya siku nne

Jiji la Arusha halina bustani kubwa moja ya wanyama ambako mtu anakata tiketi asubuhi na kuwamaliza nyoka, twiga na faru kabla ya chakula cha mchana. Wanyama wapo, tena wengi, ila wametawanyika. Nyoka na mamba wako Meserani, upande wa kwenda Dodoma. Mbega na heroe (flamingo) wako Momella, chini ya Mlima Meru. Kenge na furukombe wako Duluti, pale Tengeru. Faru weusi wako mbali zaidi, Mkomazi, baada ya kuipita Moshi. Safari hii inaviunganisha vituo hivyo vinne kwa siku nne, na ratiba yake imefuata saa za mnyama badala ya saa za mgeni.

Familia nyingi hutoka nyumbani saa nne, zikafika getini saa sita, kisha zikarudi zikilalamika kwamba hakuna kitu. Vitu vipo. Saa sita mchana vimelala kivulini.

Mizigo yenyewe ni michache: kitambulisho cha NIDA, maana bila hicho utapata shida kulipa bei ya raia, darubini, hata ndogo, sweta, viatu vya kufunika vidole, na maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu. Pesa iwe kwenye simu au kwenye kadi ya benki, kwa sababu mageti ya hifadhi za taifa hayapokei fedha taslimu. Chakula kifungwe kwenye vyombo. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ndani ya hifadhi ndiyo kabisa, kwa kuwa nyani akiupata anautafuna pamoja na kilichomo.

Siku ya kwanza: mjini asubuhi, Meserani mchana

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, hulichukua kwenye jua na kwenye ardhi. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Arusha ikiwa imekaza, nyoka wa Meserani wamejikunja pembeni na hawaoneshi dalili yoyote ya uhai. Kwa hiyo asubuhi inatumika mjini. Makumbusho ya Elimu Viumbe yako ndani ya boma la Wajerumani, jengo la mwaka 1900, hatua chache kupanda kutoka Mnara wa Saa. Kuna maonesho ya mageuzi ya binadamu, ya wadudu, na picha za wanyamapori. Saa moja na nusu inatosha. Watoto waanzie kwa wadudu, wakiwa bado hawajachoka.

Saa nne na nusu ndiyo saa ya kuondoka. Meserani ni kama kilomita 25 magharibi mwa jiji, barabara kuu ya Dodoma, ukishaupita uwanja mdogo wa ndege wa Kisongo. Magari ya Mto wa Mbu na Karatu yanapita hapo hapo. Mwambie kondakta mapema, "Meserani, kwa nyoka," naye atajua pa kukushusha. Ukinyamaza hadi ukione kibao, gari litakuwa limeshapita.

Ndani, vizimba vya nyoka vina vioo mbele, na kosa la kwanza la kila mgeni ni kupita haraka. Anatazama kioo sekunde tano, haoni kitu kinachotembea, anaenda kinachofuata. Kifutu, kwa mfano, maisha yake yote yamejengwa juu ya kutulia. Ni mnene, mfupi, rangi zake zimechanganyika na majani makavu, na hakimbii akisikia hatua. Ndiyo maana huwauma watu wengi kuliko anavyodhaniwa: mtu anamkanyaga bila kumwona. Ili umwone, simama mbele ya kioo dakika tatu kamili, tafuta kwanza kichwa kipana chenye umbo la pembetatu, kisha tazama ubavu. Utaona ngozi ikipanda na kushuka taratibu. Hiyo ndiyo pumzi yake. Ukishamwona mara moja, hutampoteza tena, na hilo ni somo lenye faida kwa yeyote anayekata majani au kuokota kuni.

Koboko naye huwashangaza watu kwa rangi. Wanamtarajia awe mweusi tii, kumbe ngozi yake ni ya kijivu au kahawia iliyofifia. Weusi uko ndani ya kinywa, na anauonesha anapoachama kutisha. Ndiye nyoka mrefu kuliko wote wenye sumu barani Afrika. Swila hutanua shingo, na wale wa kutema hulenga macho. Ikikupata shambani, osha macho kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20, usisugue, kisha nenda hospitali. Sumu hiyo ikiachwa jichoni inaweza kupofusha.

Usigonge kioo, na wazuie watoto wasigonge. Nyoka hana tundu la sikio kwa nje, lakini mtikisiko unamfikia kupitia taya. Anayegongewa siku nzima anaacha kula. Kwa picha, zima mwanga wa simu na ubandike kamera kwenye kioo chenyewe, mng'ao utaisha.

Kuna jambo moja la kulitafuta kwa makusudi: nyoka aliye karibu kujivua gamba. Macho yake yanakuwa na utando wa rangi ya maziwa yenye ubluu, ngozi inafifia, na anakataa chakula. Siku chache baadaye utando unaondoka, na hapo ndipo kazi inaanza. Anasugua midomo kwenye jiwe au gogo mpaka ngozi ipasuke pale mdomoni, halafu anatambaa akitoka ndani yake, na gamba linabaki nyuma likiwa limegeuzwa ndani-nje, kama soksi iliyovuliwa kwa haraka. Gamba zima, lenye hata vifuniko vya macho, ni dalili kwamba mnyama ana afya na kizimba kina unyevu wa kutosha. Likitoka vipande vipande, tatizo liko kwenye maji au kwenye hewa kavu.

Na hapo tunafika kwenye namna ya kukipima kizimba chochote, cha Meserani au cha mji wowote duniani. Tazama kama kuna maji safi. Tazama kama mnyama ana mahali pa kujificha, kwa sababu nyoka asiye na maficho anaishi kwa hofu. Tazama ncha ya pua: jeraha pale lina maana amekuwa akisukuma kioo au waya kutafuta njia. Kwa wanyama wa miguu minne, dalili mbaya kuliko zote ni kuzunguka njia ile ile, hatua zile zile, mpaka ardhi ikafanya mfereji. Kulala mchana si dalili mbaya hata kidogo.

Chakula cha nyoka ni panya na vifaranga, na wengi hawali kila siku. Akishameza, anahitaji joto na utulivu. Akisumbuliwa katikati ya kusaga chakula anaweza kukitapika. Chatu aliyekula windo kubwa anakaa wiki kadhaa bila kutaka kingine. Kwa hiyo usimsumbue mhudumu akuoneshe nyoka akila. Muulize tu siku ya kulisha, kisha panga siku yako.

Mamba wakiachama kwenye jua hawajajiandaa kuuma, wanapunguza joto la kichwa. Mayai yao yana maajabu yake: dume au jike huamuliwa na joto la kiota. Siku ya kuanguliwa ikifika watoto hulia wakiwa bado ndani ya yai, mama anasikia, anakuja kufukua. Ukuta wa bwawa lao usiwe kiti cha mtoto kwa ajili ya picha, hata kwa sekunde moja.

Hapo Meserani kuna pia makumbusho ya utamaduni wa Wamasai na ngamia wa kupanda, lakini muda uliobaki ni heri utumike kuzungumza na wahudumu kuhusu kuumwa na nyoka. Zahanati ya hapo inajulikana kwa kuwatibu watu wa vijiji vya jirani, na somo lake lina uzito kuliko picha yoyote. Mtu akiumwa: mtulize, alale, kiungo kilichoumwa kisitikisike, funga banzi kama unavyofunga mfupa uliovunjika. Vua bangili, pete, saa na viatu mara moja, kabla uvimbe haujaanza, maana bangili ikibaki kwenye mkono unaovimba inakata damu. Asitembee, abebwe. Usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kubana, usimpe pombe. Jiwe la nyoka, lile jeusi linalouzwa masokoni, halitoi sumu. Linachokula ni muda wa mgonjwa. Sumu ya koboko hulegeza misuli mpaka pumzi ikakata, na hilo linaweza kutokea ndani ya saa chache. Sumu ya kifutu huvimbisha na kuoza nyama. Bumslangi, yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa, anaweza kumwacha mtu akijiona mzima kwa saa nyingi kabla damu haijaanza kutoka kwenye fizi na pua. Kwa hiyo "najisikia vizuri" haitoshi kumrudisha mtu nyumbani. Dawa ya kuzima sumu hutolewa hospitali kwa dripu, kwa sababu yenyewe inaweza kuleta mzio mkali. Usimfukuze nyoka ili umlete. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na ikikosekana, dalili za mgonjwa zitamwongoza daktari. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na kwa wafugaji wa Monduli jina hilo la "yaliyosahaulika" lina ukweli wake.

Saa kumi, magari ya kurudi mjini bado ni mengi.

Siku ya pili: Hifadhi ya Taifa ya Arusha

Siku hii haina huruma kwa wanaopenda kulala. Kutoka mjini saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Moshi, kukata kushoto Usa River, ili gari liwe Ngongongare geti linapofunguliwa saa kumi na mbili. Kibali kilipiwe kabla, namba ya malipo ikiwa tayari kwenye simu. Mtandao getini unaweza kugoma, na asubuhi ikishapotea hapo hairudi. Wasio na gari hupanda daladala hadi Usa River, lakini bodaboda haitumiki kuzungukia wanyama, kwa hiyo ni lazima kukodi. Noah inatosha wakati wa kiangazi. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa volkano unateleza kama nini, hasa kwenye barabara za msituni, na hapo unahitaji gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Kwa kuangalia wanyama, 20 ndiyo mwendo wa kweli.

Kituo cha kwanza ni pembezoni mwa msitu wa Ngurdoto, kwa ajili ya mbega. Alfajiri madume hunguruma, sauti nzito ya kukoroma inayojibiwa na kundi lingine bondeni, na ukizima injini utaisikia. Jua likigusa vilele vya miti, kati ya saa moja na saa mbili, kundi zima linapanda juu kuota baada ya baridi ya usiku. Hapo wanakaa wazi, wakiwa wametazama jua, mkia mweupe ukining'inia. Mkia ndio wa kuutafuta kwanza. Mwili mweusi unapotea kwenye kivuli. Mtoto mchanga ni mweupe mwili mzima, na hupitishwa mkono kwa mkono kati ya majike. Mbega hana kidole gumba cha maana. Tumbo lake lina vyumba, karibu kama la ng'ombe, kwa ajili ya kuchachusha majani, na ndiyo sababu anakaa mahali pamoja muda mrefu baada ya kula. Ndizi au biskuti ya mgeni inavuruga tumbo hilo. Msimpe kitu. Wala kima, wala nyani. Nyani aliyezoea kupewa ndiye anayefungua milango ya magari.

Ukingo wa kreta tunauacha kwa sasa. Asubuhi unaweza kufunikwa na ukungu, na aliyekimbilia huko kwanza ataona pazia jeupe tu.

Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi karibu na geti, unafuata: pundamilia, ngiri, nyati, na twiga. Simba hawapo kwenye hifadhi hii, ingawa chui na fisi wapo. Twiga mpe muda. Dume na jike hutambulika kwa pembe: za jike zina kishungi cha nywele nyeusi kwenye ncha, za dume zina upara kwa sababu ya kupigana. Madume mawili wakisimama ubavu kwa ubavu wakipimana shingo, usiondoke. Kinachofuata ni mapigo ya kichwa yanayosikika mpaka kwenye gari.

Kwenye vichaka vya njia ya Momella angalia chini, usiangalie mbali. Digidigi wanakaa wawili wawili, dume na jike, kwenye eneo lao la kudumu. Chini ya jicho wana tezi nyeusi. Wakati mwingine utamwona mmoja akisogeza uso taratibu hadi ncha ya kijiti iingie kwenye tezi hiyo, kisha anaacha pale tone jeusi la kunata. Ndiyo alama ya mpaka. Ukishaijua, unaweza kuiona kwenye majani hata mnyama mwenyewe akiwa ameondoka.

Saa tatu na nusu, Momella. Maziwa ni saba, yakiwamo Momella Kubwa na Momella Ndogo, na yalifanyika kwenye mabonde yaliyoachwa na matope na mawe ya Mlima Meru ulipoporomoka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita. Maji ya magadi yanatofautiana ziwa hadi ziwa, mwani pia, na kwa hiyo rangi pia: moja kijani, jingine la bluu. Heroe hufuata mwani. Mvua kubwa ikiyazimua maji, mwani unapungua na ndege wanahama, ndiyo maana mtu mmoja atakuambia ziwa lilikuwa waridi tupu na mwingine atakuambia aliona ndege kumi. Wote wawili wamesema kweli. Tazama kwa darubini jinsi heroe anavyokula: kichwa kimepinduliwa, mdomo wa juu ukiwa chini, ulimi ukisukuma maji kupitia vichujio. Rangi ya waridi inatokana na chakula hicho, na bustani za wanyama za Ulaya hulazimika kuwachanganyia chakula chenye rangi ili wasipauke. Mtoto wa heroe hutamwona hapa. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana Ziwa Natron.

Asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro inaonekana kutoka hapa. Baada ya saa nne huwa imeshajifunika.

Mtumbwi unapatikana Momella Ndogo kwa mpango wa kabla. Kiboko mchana yuko majini. Hatari kubwa ni kumzibia njia kati ya nchi kavu na maji, kwa hiyo fuata maelekezo ya mwongozaji hata yakionekana ya woga. Hapa pia unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kuelekea maporomoko ya Tululusia na ule mkuyu ulioacha tao juu ya njia. Tembeeni mstari mmoja, askari mbele, sauti chini, nguo zisizong'aa. Nyati wa kuogopa ni dume mzee aliye peke yake kichakani. Kundi kubwa mara nyingi hukimbia. Askari akisimama, simameni. Akirudi nyuma, rudini. Asikimbie mtu.

Chakula cha mchana kiliwe kwenye maeneo ya mapumziko, na mabaki yote yarudi kwenye gari.

Saa nane ukungu umeondoka na jua limegeuka. Sasa Ngurdoto. Kreta ina upana wa kama kilomita tatu, na haishukwi: sakafu yake imeachiwa wanyama peke yao. Hifadhi ilianza hapa mwaka 1960 kwa jina la Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967, baada ya Momella na Mlima Meru kuongezwa, ikapata jina la Arusha. Simama Mikindu kwanza, kisha Leitong, ambako ni juu zaidi. Kwa macho matupu utaona doa jeusi bondeni. Kwa darubini ni kundi la nyati kwenye kinamasi. Anzia kwenye kingo za maji, halafu fuata njia zilizochimbwa na kwato, utawapata ngiri na wengine. Njiani, msituni, pongo na funo hutoka jioni. Geti linafungwa saa kumi na mbili, na faini ya kuchelewa si ya kuombea msamaha.

Siku ya tatu: Duluti, kisha Moshi

Siku hii isiangukie Jumatano wala Jumamosi. Ni siku za soko la Tengeru, na foleni inakula saa nzima.

Ziwa Duluti liko ndani ya kreta ndogo iliyozungukwa na msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Njia inalizunguka ziwa lote, na kwa mwendo wa kuangalia ndege inachukua saa mbili. Anza saa mbili asubuhi. Furukombe atakutangulia kwa sauti. Akilia huku amerudisha kichwa nyuma, mwenzake yuko karibu, atajibu. Mdiria hukaa kwenye tawi lililoinama juu ya maji na kurudi tawi lile lile baada ya kila samaki, kwa hiyo lenga kamera kwenye tawi na umsubiri. Mnandi hutanua mabawa kuyakausha. Kenge wanajitokeza kama saa nne, jua likishafika kwenye magogo ya ukingoni. Usimkaribie ukamzibia maji, mkia wake unacharaza. Njia huteleza baada ya mvua na mizizi imejaa. Basi.

Magari ya Moshi yanapita Tengeru kila mara. Usa River, njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe, Moshi. Kula mtori, lala mapema.

Siku ya nne: faru wa Mkomazi

Moshi hadi Same ni kama kilomita 105, na geti la Zange liko kilomita chache tu kutoka Same mjini. Kuondoka saa kumi usiku kunakufikisha alfajiri. Kuwaona faru kupangwe na hifadhi siku kadhaa kabla. Ukifika bila taarifa utazunguka sehemu nyingine za hifadhi, ambazo nazo ni nzuri, lakini faru hutamwona. Usivae nguo za bluu wala nyeusi, rangi hizo huwavuta mbung'o.

Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina kilomita za mraba 3,245 na inapakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, kwa hiyo tembo hawajui mpaka. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza faru wa hapa. Tony Fitzjohn, mhifadhi wa wanyamapori, na wenzake walianza kuijenga upya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaweka uzio kwa ajili ya faru na mradi wa kuzalisha mbwa mwitu. Faru wa kwanza waliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Kisha ikaja sehemu inayoiunganisha Same na bustani za wanyama za mbali: mwaka 2009 faru watatu walitoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, 2012 wengine watatu wakatoka Port Lympne, Uingereza, na 2016 akaja Eliška, jike mwingine kutoka Dvůr Králové.

Kumleta faru kutoka Ulaya ni kazi ya miezi, na wengi hawaijui. Kwanza anazoezwa kuingia kwenye kreti kwa hiari, akilishwa humo kila siku, ili siku ya safari asijiumize. Akifika anawekwa kwenye boma dogo. Majani aliyozoea yanachanganywa na ya hapa kidogo kidogo, kwa kuwa tumbo lake halijui miti ya Upare. Adui mkubwa ni mbung'o: faru aliyezaliwa Ulaya hana kinga dhidi ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa hiyo anaachiwa aumwe hatua kwa hatua, damu yake ikipimwa na dawa ikiwa tayari. Baada ya hapo ndipo boma linafunguliwa kwenye eneo kubwa zaidi. Nani atasema bustani zote za wanyama ni za burudani tu, akijua kwamba watoto wa faru wanazaliwa Mkomazi kwa sababu yao?

Ukimpata mbele yako, tazama mdomo wa juu: umechongoka na unashika. Anaukunja kwenye kijiti, anakata kwa meno ya nyuma, na kijiti kinabaki na mkato wa mshazari, safi, wa kisu. Askari wanasoma mikato hiyo kujua nani alipita na lini. Masikio yana pengo zilizokatwa kwa mpangilio. Ndiyo namba yake. Macho yake ni dhaifu, lakini masikio na pua vinafanya kazi ya macho, kwa hiyo gari linakaa upande ambao upepo hautoki kwenu kwenda kwake. Shashi, ndege wanaookota kupe mgongoni, wakiruka ghafla kwa kelele, faru atainua kichwa. Nyamazeni hapo hapo. Mtoto hutembea nyuma ya mama yake. Jike hubeba mimba kama miezi 15, kwa hiyo kila mtoto mmoja ni mali ya muda mrefu. Pembe yenyewe ni keratini, kitu kile kile cha kucha zako.

Kufikia saa nne faru wameshaingia kivulini, na hapo ziara yao inakwisha. Mchana uliobaki ni wa choroa, kongoni na tembo upande wa mabwawa, kama una gari.

Kabla ya kupiga picha ya faru, zima kwenye simu ile huduma inayorekodi mahali picha ilipopigwa, na usiandike mtandaoni ni kona gani ulimwona wala saa ngapi. Majangili wana simu pia. Mabasi ya Tanga na Dar es Salaam yanayokwenda Moshi na Arusha hupita Same mchana hadi jioni. Ukitoka Zange saa nane unakaa bila kugombania kiti.